Kila Mahali Pana Tunu Yake: Jamaa Moja ya Eldoret Yajifunza Kutazama Njiani

Na Mwandishi Wetu, Eldoret

"Tembea uone" ni maneno tunayoyasema kila siku, lakini wengi wetu hutembea tu, kuona hatuoni. Mtu hupanda gari hapa Eldoret alfajiri, akafumba macho kabla hajafika Cheptiret, akazinduka Nakuru kununua mahindi ya kuchoma, akasinzia tena. Jioni akiulizwa na wenzake aliona nini njiani, hujibu kwamba barabara ilikuwa nzuri. Msomaji mpendwa, huyo hakusafiri. Alichukuliwa kama gunia.

Simcheki mtu, kwa maana hata mimi nilikuwa gunia miaka mingi. Watoto wangu nao nilikuwa nawalea wawe vigunia vidogo. Nilitanabahi siku binti yetu mkubwa, mwenye miaka kumi na mmoja, alipoulizwa na nyanya yake, "Bonde la Kerio liko upande gani wa nyumba yetu?" akainua macho kutoka kwenye simu na kuuliza, "Kerio ni nini, Kogo?" Kogo ndivyo tunavyomwita nyanya huku kwetu. Mama yangu mzazi alizaliwa chini ya genge lile la Wakeiyo, mwendo wa saa moja tu kwa gari kutoka sebuleni mwetu. Hakusema neno. Alikunja kitambaa chake cha kichwa akaenda kulala mapema.

Basi likizo ya Desemba ilipofika, nikakata shauri. Tungezunguka siku tatu na Probox yetu ya mkono wa pili: Eldoret, Iten, Tambach, Kabarnet, Marigat, maziwa ya Baringo na Bogoria, kisha Mogotio, Nakuru na kurudi nyumbani. Tulikuwa sita garini: mimi, mama watoto, Kogo, na watoto watatu.

Palizuka ubishi kidogo juu ya njia ya kurudi. Mama watoto alitaka turudi kwa njia ile ile ya Kabarnet. Barabara kuu ya Nakuru haipendi. Kila tunapopita sehemu ya Timboroa mpaka Burnt Forest, yeye hufumba macho, na mimi huongeza sauti ya redio. Kwa miaka yote ya ndoa yetu nilikuwa sijamwuliza lolote, kwa sababu sababu yenyewe naijua. Mwisho alisema, "Haya, tupite tu. Watoto nao waone," nami nikanyamaza.

Kabla ya kutia gari moto, Kogo alitoa sharti lake. "Kila tutakaposimama," alisema, "kila mtu ataje kitu kimoja ambacho mahali pale panacho. Asitaje panachokosa. Na asiseme, 'Si kama kwetu.'"

TUANZE NYUMBANI

Kijana wetu wa miaka minane alidhani mchezo ungeanza Iten. Kogo akakataa. Anayetaka kusifu ya wenzake, alisema, kwanza ayajue ya kwao. Tukasimama karibu na daraja la mto Sosiani. Binti akasema, "Eldoret kuna maduka makubwa." Kogo akacheka: maduka makubwa yako hata Nairobi.

Akawaonyesha mawe mtoni. Jina la mji huu latokana na neno la Kimaasai, "eldore," maana yake mto wa mawe. Lakini wazee wengi wa hapa waliuita Sisibo, nalo latokana na namba 64 ya Kiingereza. Walowezi walipogawana nyanda hizi za Uasin Gishu, posta ilifunguliwa mwaka 1910 katika shamba namba 64, na watu wakatamka namba ile kwa ndimi zao. Jina la Eldoret likaja mwaka 1912, na reli ikafika mwaka 1924. Tarehe 15 Agosti 2024 mji ukapewa hadhi ya jiji, la tano nchini.

"Kumbe tunaishi kwenye namba?" kijana aliuliza. Ndiyo, bwana mdogo. Namba iliyogeuka jina, na jina likawa jiji.

ITEN, WANAKOKIMBIA BILA KUKIMBIZWA

Kutoka Eldoret hadi Iten ni kama kilomita 35, na barabara yapanda taratibu mpaka mita 2,400 juu ya bahari. Tulifika baridi bado imeshika. Kando ya barabara, kwenye udongo mwekundu, makundi ya wakimbiaji yalitupita, mengine ya watu kumi, mengine ya watu thelathini, pumzi zao zikitoka kama moshi wa jiko. Kijana alihesabu mpaka mia na ishirini akachoka.

Langoni mwa mji pana upinde ulioandikwa kwamba hapa ndipo nyumbani kwa mabingwa, na si majivuno. Katika shule ya St. Patrick's, mtawa kutoka Ireland, Brother Colm O'Connell, alifika kufundisha mwaka 1976, akaishia kuwa mwalimu wa riadha anayejulikana dunia nzima. Kutoka shule hiyo alitoka Ibrahim Hussein, Mwafrika wa kwanza kushinda mbio za marathoni za New York, mwaka 1987. Alitoka pia Peter Rono, aliyetwaa dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Naye David Rudisha, aliyenolewa na mwalimu huyo huyo, alikimbia mita 800 kwa dakika moja na sekunde 40.91 huko London mwaka 2012.

Wataalamu hutaja hewa nyepesi ya huku juu, ambayo huulazimisha mwili kuongeza chembe nyekundu za damu. Lakini milima mirefu iko duniani kote, na si kila mlima una mabingwa. Iten pia ina desturi: kijana huamka saa kumi na moja alfajiri kwa sababu jirani yake ameamka.

Zamu ya kijana ilipofika alisema, "Hapa pana watu wanaokimbia bila kukimbizwa." Nikacheka. Mama watoto hakucheka. Alitazama nje ya dirisha, akasema pole pole, "Hiyo ni baraka."

MTEREMKO WA TAMBACH

Kupita Iten kidogo, nchi yakatika. Hakuna neno jingine. Unaendesha gari kwenye nyanda za ngano na mahindi, mara ardhi yaisha mbele yako, na huko chini, zaidi ya mita elfu moja, limelala bonde la Kerio katika ukungu wa samawati, na ng'ambo yake vilima vya Tugen. Tuliegesha gari. Hata simu zilinyamaza.

Kwa dereva, mteremko huu si wa mchezo. Teremka kwa gia nzito, usiukalie breki mpaka zikanuka, na usione haya kumpisha mwenye haraka. Masikio ya watoto yaliziba wakapiga kelele kwa furaha. Tulipita Tambach, mji mdogo ulioshikilia ubavu wa genge, uliokuwa makao ya serikali ya wilaya siku za ukoloni. Chuo chake cha ualimu kimetoa walimu wengi, na marehemu Daniel arap Moi, rais wa pili wa nchi hii, alisomea na kufundisha hapo.

Mama yangu ndiye alikuwa akituonyesha: pale palikuwa na kisima, pale palikuwa na njia ya miguu. Alipokuwa msichana, alisema, walipanda genge hili na mizigo ya wimbi mgongoni, wakafika juu jua likiwa kichwani, wakauza, wakashuka jioni. Binti alitazama juu tulikotoka, akatazama miguu ya bibi yake. "Kogo, ulipanda hapa? Kwa miguu?" Tangu hapo hadi Biretwo hakuigusa simu tena, akawa amemshika Kogo mkono.

Chini ni dunia nyingine. Joto, miiba, vichuguu virefu, na maembe. Tulikula maembe ya Kerio kando ya barabara mpaka nguo za mtoto mdogo zikabadilika rangi. Karibu na hapo ni hifadhi ya Rimoi, iliyotengwa mwaka 1983, ambako ndovu bado hukata njia kwenda mtoni. Na kwenye daraja la Cheploch, mto Kerio umechonga mwamba ukawa ufa mwembamba wenye kuta ndefu. Vijana wa hapo hujirusha kutoka juu ya mwamba hadi majini kwa malipo madogo ya wapitaji. Mama watoto alifunika macho, lakini vidole aliviachanisha kidogo.

Sitaficha jambo moja. Bonde hili nalo limelia. Wizi wa mifugo kwa bunduki, hasa sehemu za kaskazini, umeua watu na kufunga shule, na Februari 2023 serikali ilipeleka majeshi kusaidia polisi. Barabara tuliyopita ilikuwa shwari, lakini tuliuliza wenyeji kabla ya kushuka, na kila msafiri afanye vivyo hivyo. Kupenda mahali si kujifanya hapana taabu.

KABARNET HADI MARIGAT

Tulilala Kabarnet, juu ya vilima vya Tugen, kwenye baridi ya kupendeza baada ya tanuri la bondeni. Jina la mji huu husemwa latokana na Albert Barnett, mmisionari aliyeishi hapo mwanzoni mwa karne iliyopita. Kwa Kikalenjin, "kap" ni kwa mtu fulani, na Kapbarnett ikalainika kuwa Kabarnet. Na katika vilima hivi, mwaka 2000, wataalamu Brigitte Senut na Martin Pickford walitangaza kupatikana kwa mifupa ya kiumbe aliyeishi miaka kama milioni sita iliyopita, wakamwita Orrorin tugenensis. Mfupa wake wa paja waonyesha kwamba huenda alitembea kwa miguu miwili. Nilipomweleza kijana, aliwaza, kisha akasema, "Basi hapa pana babu wa kila mtu." Sijasikia jibu bora kutoka kwa mtu mzima.

Asubuhi tukashuka tena, kona baada ya kona, hadi Marigat. Hapa pana mradi wa kunyunyizia maji mashamba wa Perkerra, ulioanzishwa mwaka 1954 wakati wa Hali ya Hatari, na mifereji yake ilichimbwa na mahabusu. Leo mashamba yale hutoa mahindi ya mbegu. Kwa sisi wa Uasin Gishu, tunaojiita ghala la taifa, ni vyema kukumbuka kwamba sehemu ya mbegu tunazopanda ilikomaa kwenye joto hili.

Pande zote mbili za barabara umejaa mti uitwao mathenge. Uliletwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kutoa kuni, lakini ukatapakaa mpaka ukameza malisho. Maganda yake matamu huharibu meno ya mbuzi. Wenyeji Wailchamus walikwenda mahakamani Nairobi kuishtaki serikali, wakampeleka na mbuzi asiye na meno awe ushahidi. Watoto walicheka sana, lakini Kogo akasema, "Mtu akifikia kumpandisha mbuzi kortini, ujue amelia kwa watu na hakusikika."

Mnunuzi wa asali asipite Marigat mikono mitupu. Tulinunua chupa mbili kwa mama mmoja. Kijana akataka kusema asali ya dukani kwetu ni nyeupe zaidi. Akakumbuka sharti, akameza maneno yake pamoja na asali.

MAZIWA MAWILI YASIYOFANANA

Ziwa Baringo lina maji matamu, samaki, viboko na mamba. Ziwa Bogoria, mwendo mfupi kusini yake, lina magadi, halina samaki hata mmoja, bali lina heroe na chemchemi za maji yachemkayo. Ni ndugu waliozaliwa nyumba moja, kila mmoja na tabia yake.

Kampi ya Samaki, kando ya Baringo, mvuvi mmoja alituonyesha miti mikavu iliyosimama katikati ya maji. "Hapo palikuwa nchi kavu," alisema. Kwa zaidi ya miaka kumi maziwa haya yamekuwa yakipanda. Baringo imemeza nyumba, hoteli, shule na zahanati, na maelfu ya watu wamehama. Wanasayansi wengi hutaja mvua zilizoongezeka na udongo unaotiririka kutoka vilimani. Lipo pia wazo la kutisha, kwamba yakizidi kupanda, maji ya chumvi ya Bogoria yataingia Baringo, na huo utakuwa mwisho wa samaki.

Bogoria ilitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011, pamoja na maziwa ya Nakuru na Elementaita. Nilikuwa nimewaahidi watoto kwamba tungechemsha mayai kwenye chemchemi, kama mimi nilivyofanya nilipokuwa mwanafunzi. Nilipowatafutia mahali pale pale niliposimama zamani, sikupaona. Pako chini ya ziwa. Chemchemi nyingi zimefunikwa, na palipokuwa pakitoka mvuke mkubwa siku hizo, yaonekana mapovu tu juu ya maji. Tulipata nyingine, ndogo, tukachemsha mayai yetu sita, lakini moyo wangu ulikuwa mzito.

Binti ndiye aliyenifariji bila kujua. Zamu yake ilipofika alisema, "Hapa pana mahali ambapo Baba alisimama, na sasa samaki hawawezi hata kupaogelea." Kisha akaniomba nimsimulie palivyokuwa. Nilimsimulia mpaka jua likatua. Mahali hupotea mara mbili, mara ya kwanza panapofunikwa na maji, na mara ya pili anapokosekana wa kupasimulia.

NJIA YA KURUDI

Siku ya tatu tulivuka Ikweta Mogotio. Huko huonyeshwa maji yakizunguka upande huu kaskazini na upande ule kusini kwenye beseni lenye tundu. Wanafizikia hutwambia kwamba katika chombo kidogo hivyo, mzunguko hutokana na jinsi maji yanavyomiminwa, si Ikweta. Watoto hawakujali. Walisimama mguu mmoja nusu hii ya dunia na mguu mwingine nusu ile, na hilo halina udanganyifu. Nakuru, jiji tangu Desemba 2021, tulikula chakula cha mchana na kutazama heroe kwa mbali.

Kisha tukapanda. Ukungu ukatupokea Timboroa, ambako reli hupita zaidi ya futi 9,000 juu ya bahari, na zamani ilisifiwa kuwa njia ya reli iliyo juu kuliko zote katika milki ya Waingereza. Kwa mazoea, mkono wangu ukaenda kwenye redio. Mama watoto akaushika. "Iache," alisema.

Burnt Forest akaniambia nisimamishe gari. Alishuka, akavuka hadi kwa mwanamke aliyekuwa akiuza viazi na karoti. Kogo naye akashuka, akamfuata bila kuitwa. Watoto wakawafuata. Nilifika wa mwisho, nikamkuta akisema nao kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Mimi nilipita hapa Januari 2008," aliwaambia. "Nilikuwa na miaka kumi na minne. Tulikuwa tumelala siku nyingi kwenye uwanja wa maonyesho Eldoret, kisha tukapandishwa lori, tukafunikwa turubai. Kwa hivyo hapa sijawahi kupaona. Nilipasikia tu."

Msomaji ayajua mambo ya wakati ule. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao, na Uasin Gishu ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Kwao mama watoto ni Wagikuyu. Kwetu ni Wakeiyo.

Kogo aliinamisha kichwa. "Mwanangu," alisema, "siku hizo nami nilikuwa nimejifungia nyumbani, nasikia malori yakipita. Sikujua kwamba mtoto wangu yumo ndani ya moja." Wakashikana mikono pale mbele ya viazi. Yule muuzaji, ambaye hakuuliza kabila la mtu, aliongeza viazi vinne juu ya debe lililojaa.

Kijana wetu, ambaye sharti kwake ni sharti, akauliza, "Sasa Mama, hapa pana nini?"

Mama watoto alitazama mashamba ya kijani kibichi, mabati ya nyumba mpya, na watoto wa shule waliokuwa wakicheza. "Hapa pana viazi vizuri," alijibu. "Na pana watu waliorudi."

Kutoka hapo hadi Eldoret hakufumba macho.

NENO LA MWISHO

Msomaji, huna haja ya kwenda Ulaya ili utembee. Kagua breki na magurudumu, toka mapema, weka simu za watoto mkobani, chukua mzee mmoja garini, na ununue kitu kidogo kila unaposimama, kwa maana mwenyeji haishi kwa sifa tu. Waulize watu wa hapo majina yalikotoka. Na ushike sharti la Kogo: taja kilichopo. Anayekwenda mahali akitafuta kwao hapaoni anapokwenda, na akirudi kwao hapaoni pia.

Tulipovuka Sosiani jioni ile, mtoto wetu mdogo, wa miaka minne, ambaye siku zote tatu hakupewa zamu, alichungulia dirishani akapaza sauti: "Hapa pana mawe!"

Kogo akasema, "Huyo ameona."